Dokta Amenipa Dawa ya Huzuni, Nami Ninaumwa Ngozi

Ndugu msomaji, nakuomba ukae kidogo usome maneno haya mpaka mwisho. Yanakuhusu kama ngozi yako inawasha siku nyingi. Yanakuhusu vilevile kama huwashwi, maana labda katika nyumba yako kuna mtu anayejikuna usiku wakati wengine wanalala, na maneno ya kinywa chako yanaweza kumsaidia au kumwumiza.

Mama mmoja, mwalimu wa shule, alikuja kwetu asubuhi mbele ya saa ya kugawa dawa. Hakutaka kukaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa wengine. Alisimama karibu na mlango, amevaa nguo ya mikono mirefu ingawa jua lilikuwa kali. Kwa muda wa miezi tisa alikuwa akitokwa na vivimbe vya kuwasha mikononi, tumboni na mapajani. Tulimpa dawa zetu za kawaida, zikamsaidia kidogo tu. Kwa hiyo tulimtuma kwa dokta wa mji. Dokta alimpima vizuri, akampa vidonge vidogo vya kumeza usiku.

Nilimwuliza, "Mama, vidonge vile vinakusaidia namna gani?"

Akajibu kwa sauti ndogo, "Munganga, sikuvimeza. Mimi si mwenye wazimu."

Kisha alifungua kitambaa chake, akatoa boksi la dawa. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya Kifaransa. Mtoto wa dada yake, anayesoma sekondari, aliisoma karatasi ile mbele ya watu wote wa nyumba. Imeandikwa kwamba ni dawa ya watu wenye huzuni kubwa iliyoshika akili. Tangu siku ile majirani walianza kunong'ona. Mume wake alimwuliza kama alikwenda kumwambia dokta mambo ya ndoa yao. Mzee mmoja alimwambia kwamba ngozi yake inawasha kwa sababu ya dhambi anayoificha.

"Dokta aliona ninadanganya," mama alisema. "Aliona ugonjwa wangu uko katika mawazo tu."

Nilimwomba akae, nikamweleza. Sasa nataka kukueleza na wewe mambo yaleyale, maana si yeye peke yake aliyetupa dawa kwa sababu ya jina lililoandikwa kwenye karatasi.

UGONJWA HUU NI NINI?

Unajua upupu. Mtu akipita porini akaguswa na upupu, ngozi inavimba na kuwasha, naye anajikuna mpaka anatoka damu. Kuna watu ambao ngozi yao inafanya namna ile ingawa hawakuguswa na kitu. Kivimbe kinatokea, kinakuwa chekundu au cheupe katikati, kinawasha sana, kisha kinapotea bila kuacha kovu. Mara nyingi kivimbe kimoja hakimalizi hata siku moja. Lakini kikipotea hapa, kingine kinatokea pale. Wanganga wanauita ugonjwa huu urtikaria.

Kama vivimbe vinakuja na kuisha mbele ya majuma sita, pengine vimeletwa na chakula fulani, au dawa fulani, au homa iliyopita. Kama vinaendelea kupita majuma sita, tunasema ni urtikaria ya muda mrefu. Wengi walio nayo wanapimwa na kupimwa tena, na sababu haionekani. Si kosa la mgonjwa. Ugonjwa huu hauambukizi. Unaweza kula naye sahani moja na kulala naye kitanda kimoja, usiupate.

Mama yule alikuwa ameacha kula samaki, mayai na karanga, kwa sababu kila mtu alimwambia kuacha kitu kimoja. Alikuwa amekonda. Lakini katika urtikaria ya muda mrefu ni mara chache tu chakula kinakuwa sababu yake. Usiache chakula chema kwa kubahatisha.

MJUMBE ANAYEITWA HISTAMINI

Ndani ya ngozi yako kuna chembe ndogo sana zinazolinda mwili. Chembe hizo zimejaa kitu kinachoitwa histamini. Zikishtuka, zinamwaga histamini ile, nayo inakwenda sawasawa na mjumbe anayepiga hodi kwenye milango. Inapiga hodi kwenye mishipa midogo ya damu: mishipa inafunguka na kuvuja maji, ngozi inavimba. Inapiga hodi kwenye mishipa ya fahamu: mtu anasikia kuwashwa. Kwa hiyo vivimbe vinaonekana na mkono unaanza kujikuna.

Mambo haya hayakujulikana zamani. Mwaka 1910, kule Uingereza, Henry Dale na Patrick Laidlaw waliandika juu ya kazi ya histamini katika mwili. Mwaka 1927 Thomas Lewis wa London alieleza jinsi ngozi iliyokwaruzwa inavyofanya: kwanza mstari mwekundu, kisha wekundu unaoenea pembeni, kisha uvimbe. Alieleza kwamba kitu kilicho sawa na histamini ndicho kinacholeta mambo hayo.

Basi wataalamu walifikiri hivi: kama mjumbe analeta taabu, tutafute kitu cha kukaa mlangoni mbele yake, ili akifika asiweze kuingia. Mwaka 1937, katika Institut Pasteur ya Paris, Daniel Bovet na Anne-Marie Staub walionyesha dawa ya kwanza ya kuizuia histamini. Dawa ile ilikuwa kali mno, haikufaa watu. Lakini njia ilikwisha kufunguliwa, na nyingine nzuri zaidi zilifuata. Mwaka 1957 Bovet alipewa zawadi ya Nobel.

DAWA MBILI ZA UKOO MMOJA

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo jibu la mama yule linapatikana.

Watu waliotafuta dawa za kuzuia histamini waliona kwamba baadhi ya dawa zile zinatuliza akili pia. Mwaka 1950, kule Ufaransa, kutoka katika ukoo wa dawa hizo walitengeneza klorpromazini, ambayo ilisaidia wagonjwa wa akili. Kampuni Geigy ya Uswisi ilitafuta kitu kinachofanana nayo, ikapata imipramini. Dokta Roland Kuhn, wa hospitali ya Münsterlingen katika Uswisi, aliwapa wagonjwa wake. Waliokuwa na magonjwa mengine ya akili haikuwasaidia sana, lakini wale waliolemewa na huzuni nzito walianza kuinuka. Aliandika habari hiyo mwaka 1957.

Nyuma ya imipramini zilikuja dawa nyingine za namna ile, kama amitriptilini na doksepini. Zinaitwa dawa za pete tatu, kwa sababu mtaalamu akichora umbo lao anachora pete tatu zilizoshikana.

Unaona, basi? Dawa ya huzuni na dawa ya kuwashwa ni za ukoo mmoja. Hazikukutana kwa bahati. Ile ya huzuni ilizaliwa katika nyumba ya zile za kuzuia histamini, na hata leo inaweza kufanya kazi ya wazazi wake. Jina lililoandikwa kwenye boksi linataja kazi moja tu. Ni sawa na panga: ukilinunua kwa kulima shamba, halikatai kukata kuni.

WALIJARIBU NAMNA GANI?

Usikubali dawa kwa sababu mtu amesema tu ni nzuri. Uliza ilijaribiwa namna gani. Dawa hizi zilijaribiwa hivi.

Kwanza ilikuwa katika maabara. Mwaka 1978 na 1979 Dokta Elliott Richelson, wa Mayo Clinic katika Marekani, alipima nguvu za dawa za pete tatu kwenye mlango wa histamini. Doksepini ilionekana kuwa na nguvu za ajabu. Katika vyombo vya maabara ilizidi difenhidramini, dawa ya zamani ya kuwashwa, mara mamia.

Kisha ilikuwa katika ngozi ya watu. Mwaka 1982 Timothy Sullivan, katika Marekani vilevile, aliandika habari za watu waliotiwa histamini kidogo katika ngozi ili vivimbe vipimwe. Waliokuwa wamemeza doksepini walipata vivimbe vidogo zaidi.

Mwisho ilikuwa kwa wagonjwa wenyewe. Mwaka 1984, kule Ufini, ilijaribiwa pamoja na dawa nyingine tatu kwa watu wanaotokwa na vivimbe wakiguswa na baridi, nayo ilifaa. Mwaka 1985, katika Marekani, ilijaribiwa kwa watu 50 wenye urtikaria ya muda mrefu. Kila mgonjwa alipaswa kutumia dawa zote mbili kwa zamu: siku fulani doksepini, siku nyingine difenhidramini. Wagonjwa na wanganga wao hawakujua ni dawa gani inayotumiwa sasa, ili tumaini la moyo lisiharibu hesabu. Waliopona kabisa kuwashwa na vivimbe wakati wa doksepini walikuwa 43 katika kila 100. Wakati wa difenhidramini walikuwa 5 tu. Ukiwahesabu pamoja na wale waliopata nafuu, walikuwa 74 katika kila 100 kwa doksepini, na 10 kwa difenhidramini. Tena doksepini, kwa kipimo kidogo kile, iliwapa usingizi 22 katika kila 100, na difenhidramini 46.

Angalia kipimo chao. Walimeza miligramu 10 mara tatu kwa siku. Mtu anayetibiwa huzuni nzito mara nyingi anahitaji miligramu 75 au 150 kwa siku, na inapita majuma mbele ya huzuni kupungua. Lakini kuwashwa kunaanza kupungua kwa siku chache, kwa kipimo kidogo. Neno hilo linaonyesha kwamba dawa haitibu ngozi kwa kupitia huzuni. Inakwenda kwenye mlango wa histamini. Kwa hiyo dokta anayekupa dawa hii kwa ngozi hajasema kwamba unadanganya. Hajasema kwamba akili yako imeharibika.

Watu wenye ugonjwa wa figo nao wanawashwa sana, hata bila vivimbe. Mwaka 2007, kule Iran, doksepini kidogo ilijaribiwa kwa wagonjwa 24 ambao damu yao inasafishwa kwa mashine. Wakati wa dawa, 14 hawakuwashwa tena. Wakati wa kidonge kisicho na dawa ndani yake, ni 2 tu.

Kuna pia doksepini ya kupaka, iliyokubaliwa katika Marekani mwaka 1994 kwa ngozi yenye ukurutu. Inatumiwa siku chache tu, isipite siku nane, maana ikipakwa mahali pengi inaingia mwilini na kuleta usingizi, na wengine ngozi yao inaikataa.

KWA NINI SI DAWA YA KWANZA?

Labda sasa unataka kukimbia dukani kuitafuta. Ngoja kwanza.

Majaribio niliyoyataja yalikuwa ya watu wachache, na doksepini ilishindanishwa na dawa za zamani. Leo kuna dawa nyingine za kuzuia histamini zisizoleta usingizi mwingi, kama loratadini na setirizini. Hizo ndizo za kwanza. Kama kidonge kimoja kwa siku hakitoshi, dokta anaweza kuongeza kipimo, hata mara nne, yeye mwenyewe akikuangalia. Katika nchi zenye fedha nyingi, kama hizo zimeshindwa, wanachoma sindano ya omalizumabu, ambayo ni ghali sana. Dawa za pete tatu zinakaa nyuma ya hizo. Dokta anazifikiria kwa mgonjwa ambaye za kwanza zimemshinda, zaidi kama kuwashwa kunamnyima usingizi.

Neno lingine: doksepini ndiyo iliyojaribiwa zaidi kwa urtikaria, lakini haimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Ulimwenguni, na ni vigumu kuiona katika maduka yetu. Amitriptilini imo katika orodha ile, na hospitali zetu nyingi zinaijua. Ni ndugu ya doksepini na inafunga mlango uleule, ingawa kwa urtikaria majaribio yake ni machache. Ndiyo dokta wa mji aliyompa mama yule.

TAFUTA SABABU KWANZA

Katika nchi yetu, si kila anayejikuna ana urtikaria. Tukikupa dawa ya kunyamazisha kuwasha mbele ya kutafuta sababu, tutakuwa tumefunika moshi na kuacha moto. Kwa hiyo usichoke tukikuuliza maswali mengi.

Je, watu wengine wa nyumba wanajikuna pia, na zaidi usiku, katikati ya vidole, viunoni na matakoni? Huo ni upele unaoletwa na mdudu mdogo anayechimba ngozi. Dawa yake ni ya kupaka au ya kumeza, na nyumba nzima inapashwa kuitumia siku moja. Dawa ya huzuni haitamwua mdudu.

Je, unakaa karibu na mto wenye maji ya mbio, ambako nzi wadogo weusi wanauma? Labda ni minyoo ya onkoserkosi. Minyoo hiyo inaharibu ngozi, kisha inaharibu macho. Dawa yake ni Mectizan, ambayo kampuni Merck iliahidi mwaka 1987 kuitoa bure. Wanapoigawa kijijini, usijifiche.

Je, macho yako ni ya manjano? Je, miguu imevimba, au mkojo umepungua? Tutapima ini na figo. Je, ulianza kutumia dawa mpya? Ituletee tuione. Aspirini na dawa nyingine za maumivu, kama ibuprofeni, zinaweza kuzidisha vivimbe vya urtikaria.

Na kama midomo au ulimi unavimba, au sauti inabadilika, au pumzi inakuwa ngumu, usingoje asubuhi na usitafute vidonge. Njoo hospitali saa ileile, hata usiku wa manane. Mtu huyo anahitaji sindano ya adrenalini bila kukawia.

DAWA HII INAWEZA KUUA

Ninaandika neno hili wazi ili hata mtu anayesoma kwa haraka alione. Dawa za pete tatu zikimezwa nyingi zinaharibu mwendo wa moyo, na mtu anakufa. Kwa mtoto mdogo, vidonge vichache tu vinatosha. Vingi ni vidogo na vya rangi, naye anafikiri ni bonbo.

Nilipomwuliza mama yule aliweka wapi vidonge alivyovikataa, alisema: "Dirishani, nyuma ya taa." Katika nyumba ile kuna watoto watatu. Mwili wangu ulitetemeka. Alikuwa ameogopa jina la dawa, lakini hatari yake hakuambiwa na mtu. Hilo lilikuwa kosa letu sisi tunaogawa dawa, nami nalikiri.

Basi shika maneno haya:

1. Weka dawa katika sanduku lenye kufuli, mahali pa juu. Mtoto akimeza hata kidonge kimoja, mlete hospitali mara moja, hata kama anaonekana mzima.

2. Usimgawie jirani dawa yako, hata kama anawashwa sawasawa na wewe.

3. Mwambie dokta kama una ugonjwa wa moyo, kama una ugonjwa wa macho wa presha, kama unapata shida ya kukojoa (wazee wa kiume wanaijua sana), au kama una kifafa.

4. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha aseme mbele ya kupewa dawa. Doksepini inapita katika maziwa na inaweza kumlaza mtoto mchanga vibaya.

5. Taja kila dawa unayotumia, hata ya malaria. Kwinini nayo inagusa mwendo wa moyo.

6. Usinywe kasiksi wala pombe nyingine. Pombe na dawa hii zikikutana, usingizi unakuwa mzito mno.

7. Siku za kwanza usiendeshe pikipiki, usipande mti, usikae peke yako karibu na moto, mpaka umejua namna dawa inavyokulaza. Kinywa kinaweza kukauka na choo kuwa kigumu. Kunywa maji, kula matunda na sombe.

8. Kama uliitumia siku nyingi, usiiache kwa ghafula. Njoo tukuonyeshe namna ya kupunguza.

9. Kama una mawazo ya kutaka kufa, tuambie mbele ya kuondoka na dawa. Hatutakufukuza. Tutatafuta njia nyingine, na mtu wa kukaa pamoja nawe. Na kama mawazo hayo yanakuja nyuma ya kuanza dawa, zaidi kwa vijana, rudi upesi.

NENO KWA WATU WA NYUMBA

Mtu asiyelala usiku kwa miezi tisa atachoka, atalia upesi, atakasirika na watoto. Huzuni yake inaweza kutoka katika ngozi. Ukimwambia kwamba ngozi imetoka katika huzuni, au katika dhambi, umemwongezea mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Kumwombea mgonjwa ni vema, nasi katika hospitali tunafanya hivi kila siku. Lakini kumwombea si kumhukumu.

Na kama dokta amempa mtu dawa hii kwa ajili ya huzuni yenyewe, je, kuna haya gani? Huzuni nzito ni ugonjwa, sawa malaria ni ugonjwa. Aliyeugua hivyo si mwenye wazimu, na hata mwenye wazimu ni ndugu yetu anayepashwa kutunzwa. Mama yule alikuwa anaona haya kufananishwa na wagonjwa wa namna hiyo. Nilimwambia kwa upole kwamba katika jambo hilo yeye naye alikuwa na kitu cha kujifunza. Alinyamaza, kisha akasema, "Ni kweli, Munganga."

Msaada wa nyumbani ni mdogo lakini unafaa. Kata kucha za mgonjwa fupi. Loweka kitambaa katika maji ya baridi, ukiweke mahali panapowasha, isipokuwa kama vivimbe vyake vinaletwa na baridi. Avae nguo pana zisizobana. Andika katika daftari siku ambazo vivimbe vinatokea, na alichomeza siku ile. Daftari ile itamsaidia dokta kuliko maneno mengi.

MAMA YULE SASA

Siku ile nilimwita mume wake aje. Nilimweleza mbele ya mke wake mambo niliyokueleza wewe. Aliuliza maswali mengi, naye alikuwa na haki ya kuuliza. Mwishoni alisema, "Nilidhani alikwenda kunishtaki." Walirudi pamoja kwa dokta wa mji, mama alipimwa moyo, akaanza dawa kwa kipimo kidogo, bila kuacha ile ya mchana.

Nyuma ya majuma mawili alirudi kwetu. Vivimbe havikuisha vyote. Kinywa chake kilikuwa kikavu, na asubuhi alikuwa mzito kuamka. Lakini alikuwa analala usiku, na alikuwa amerudi kusimama mbele ya darasa. Dokta alimwambia kwamba urtikaria ya watu wengi inapungua yenyewe kwa miezi au miaka, na kwamba watajaribu kupunguza dawa wakati ule ukifika. Vidonge viko katika sanduku, na mume ndiye anayeshika ufunguo.

Safari hii alikaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa wengine, akingoja zamu yake.

Ndugu msomaji, ukipewa dawa usiyoielewa, usiitupe na usiifiche. Rudi na boksi lake na karatasi yake, uulize: "Dawa hii inatumika namna gani katika mwili wangu? Kwa nini mimi? Hatari yake ni nini? Nitaimeza mpaka lini?" Hayo si maswali ya kukosa heshima. Sisi tunaogawa dawa tunapashwa kuyajibu. Kama hatukukueleza vizuri mara ya kwanza, tuulize mara ya pili.